Chupa Iliyokuwa Ikinyweshwa Maji

Kisangani, 14 Januari 2024

Mpendwa Tantine Philomène,

Jambo sana. Mimi ni mzima, na natumaini barua hii inakukuta nawe umesimama kwa miguu yako miwili. Mgongo unasemaje? Je, huko Yanonge mvua imekata kama huku kwetu? Hapa jua limekaza, majani ya mihogo yamejikunja, na mto umeshuka hadi mawe yanaonekana. Nilikupigia simu mpaka nikachoka, ndipo nikakumbuka kwamba simu yako ilibaki kabatini, na kabati lilibaki nyumbani. Basi barua hii nampa Papy wa boti. Anasema anakijua hata kibaraza chako.

Tantine, wamenipa kazi ya mumeo, Tonton Faustin. Si uprofesa, usicheke! Ni ule ukaguzi wa maabara ya kemia aliokuwa akiufanya kila mwezi chuoni. Napita meza kwa meza, naangalia kama bomba la gesi linavuja, kama chupa zote zina majina, kama asidi haikai jirani na vitu vya kushika moto, kama ndoo ya mchanga ina mchanga na si maganda ya karanga. Wanafunzi wameanza kunikimbia. Nikiingia, vikombe vya chai vinaruka chini ya meza, maana chai maabarani ni marufuku.

Lakini ukaguzi wangu una tundu moja. Kile chumba kidogo cha Tonton mwisho wa maabara, alichokuwa akiwekea dawa zake, hakijafunguliwa tangu tulipomzika Septemba. Mlangoni kuna kitambaa cheusi na matawi ya mchikichi yaliyokwisha kukauka. Kila mwezi tunafika pale, mmoja anafanya ishara ya msalaba, tunageuka. Kwenye ripoti tunaandika: kimefungwa kwa msiba. Na ufunguo unao wewe.

Naomba ufunguo, Tantine. Mle ndani kuna dawa moja ambayo haifai kuachwa peke yake muda mrefu. Mengine siandiki.

Wasalimie wote wa nyumbani, hasa kaka yako Josué.

Mwana wako,
Benie


Yanonge, 29 Januari 2024

Kwa Benie, binti wa Constant,

Salamu zimefika. Mgongo upo, unauma kama kawaida yake. Mvua hakuna. Samaki wapo kidogo. Josué anakusalimu. Hizo ndizo habari.

Sasa tuseme maneno. Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema wazee, na mimi hiyo herufi B yako yenye tumbo kubwa ndiye niliyekufundisha kuiandika ukiwa darasa la kwanza, kwa hiyo nakujua. Baba yako alimzika kaka yake asubuhi, na kabla udongo haujakauka akaja na gari. Kitanda, friji, sufuria, hata mapazia. Nyumba akasema ni ya ukoo. Kumbe miaka yote ile nilikuwa mgeni ndani yake, nikipika na kufua, na hakuna aliyeniambia. Leo mtoto wake ananiandikia kwa upole mwingi kwamba anataka ufunguo wa chumba cha mwisho ambacho baba yake hajakiingia. Umetumwa, Benie, au umejituma?

Mila unaijua. Chumba cha marehemu hufunguliwa na mjane siku ya kumaliza matanga. Wanawake wanaingia na mafagio, wanafagia, wanasugua na kuosha kila kitu alichokishika, ndipo watu wanakula. Mpaka siku hiyo kikae kimefungwa. Dawa haina miguu, haitakwenda popote.

Na nikuambie jambo moja, ukitaka mpelekee baba yako: si kila kitu mlikichukua. Kimoja nilikitoa chini ya kitenge changu, nikapita nacho mbele ya gari lenu huku nalia, na hakuna aliyeona. Hicho hamtakipata.

Mjane wa Tonton wako,
Philomène


Kisangani, 8 Februari 2024

Tantine wangu,

Jambo tena, na pole na mgongo. Nakutumia mafuta ya kuchua. Mwombe jirani yako yeyote akuchue, ila asiwe na mikono mizito. Mimi mwili mzima, moyo ndio haulali.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa chini. Sijatumwa. Baba hajui kwamba nakuandikia. Tangu siku ya gari lile mimi na yeye hatuli sahani moja, na sasa nimehamia kwa rafiki yangu Sandrine, kule Mangobo. Naomba unitukane kwa makosa yangu mwenyewe, Tantine, yanatosha.

Hiyo dawa siwezi kuiandika jina. Barua hii inapita kwa Papy, inapita kwa watu wa bandarini wanaofungua kila furushi, na katika nchi hii kuna watu ambao ukiwatajia kitu kama hiki kiko mahali fulani, watakifuata. Nitasema tu kwamba ikiachwa bila kuangaliwa inageuka, na ikigeuka, mtu akiigusa vibaya, ukuta hautasaidia. Ukuta wenyewe ni tofali moja tu. Upande wa pili wanakaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wamebanana kwenye mabenchi kama dagaa. Juzi mmoja alivuta stuli, ikagonga ukuta, nikapiga yowe mbele ya darasa zima. Sasa wananiita mama kelele. Waniite tu.

Nilimwendea doyen, mkuu wa kitivo chetu, nikamwomba tuvunje mlango. Alinitazama kwa huruma.

"Benie, ile mulango iko ya mufu," akaniambia. "Tukiivunja mbele matanga iishe, na kesho mutu akufe hapa, nani atabeba ile maneno? Bon, andika tu vile unaandikaka siku zote. Tungoje mujane."

Nikamwambia kwamba mtu anaweza kufa kwa sababu hatukuvunja. Akasema, "Mungu iko." Mungu yuko, Tantine, lakini ukaguzi ni kazi yangu. Mwenzangu Moïse, yule anayeosha vyombo vya maabara, naye amekataa kuushika hata mpini wa mlango ule.

Na wewe unaandika kwamba wanawake wataingia na kusugua kila kitu. Naogopa. Kila asubuhi nikikaribia chuo, kitu cha kwanza naangalia kama bati letu bado lipo.

Nipe ufunguo. Kitu chake kingine chochote sikitaki.

Mwana wako,
Benie


Yanonge, 25 Februari 2024

Benie,

Umeamkaje? Mafuta nimeyapata, na mgongo umeyapokea vizuri kuliko nilivyoipokea barua yako ya kwanza. Hapa tunaendelea kutazama mawingu yanayopita bila kusema kitu.

Nimeisoma ya pili mara nyingi. Mimi si mkemia, nilifundisha watoto a, e, i, o, u. Hujaniambia ni dawa gani, nami sikuulizi. Mume wangu naye hakuwa mtu wa kueleza, nilizoea. Lakini wale watoto wa kwenye mabenchi wana mama zao. Sitaki kuwa sababu ya mama yeyote kukalishwa kwenye mkeka kama nilivyokalishwa mimi. Ufunguo umo tumboni mwa huyu samaki wa moshi aliyefungwa kwa majani. Papy hajui kitu. Samaki mle na Sandrine, ufunguo usiule.

Masharti yangu ni haya. Uingie peke yako, uvue viatu, umsalimie Tonton kwa sauti ili asishtuke. Baba yako asikanyage mle hata kwa bahati mbaya. Ukimaliza, ufunge.

Matanga nimeamua tuyamalize mwezi wa tatu, hapa hapa Yanonge. Nimechoka na nguo nyeusi katika jua hili. Siku nitakuambia.

Tantine yako,
Philomène


Kisangani, 3 Machi 2024

Tantine mpendwa,

Shikamoo, na asante. Samaki alikuwa mtamu, Sandrine alitafuna hadi mifupa. Wewe uko salama? Niambie kwamba uko salama, maana mimi siko.

Niliingia asubuhi, bila viatu, nikamsalimia Tonton kwa sauti kama ulivyosema. Chumba kina joto la tanuri. Koti lake jeupe liko kwenye msumari. Nikaenda moja kwa moja kwenye rafu ya chini, kona ya kushoto, ambako dawa ile hukaa. Haipo. Kuna vumbi kila mahali, na katikati ya vumbi kuna duara safi, mahali chupa ilipokuwa imekaa. Dirisha lina nondo zake, kufuli haikuguswa. Nilitafuta chini ya meza, nyuma ya kabati, ndani ya mifuko ya koti. Nilitoka jasho hadi macho yakawa hayaoni.

Sasa naandika jina, liwe liwalo, maana huenda kuna mtu anatembea nayo mjini. Ni asidi ya pikriki. Chupa ya kioo cha kahawia, kubwa kidogo kuliko ya bia, kifuniko cheusi, ndani unga wa njano kama manjano ya pilau. Ililetwa chuoni zamani sana. Ikiwa na maji ni kama uji mzito na haina matata makubwa. Ikikauka inakuwa baruti. Sikuzi mambo, Tantine. Zamani watu walijaza kitu hiki ndani ya mabomu. Ikikauka, kuigonga kunatosha, kuiangusha kunatosha. Kibaya zaidi ni kifuniko: unga ukikaukia pale kinaposokotwa, mtu akilazimisha kukifungua, ule msuguano peke yake unatosha. Ndiyo maana kila mwezi, siku ya ukaguzi, Tonton aliingia kuitilia maji. "Naenda kumunywesha muzee," alikuwa akituambia, nasi tunacheka. Aliomba mara nyingi waje watu wa kuiharibu. Hawakuja, akaendelea na maji yake.

Nimemuuliza baba. Ameapa kwa kaburi la bibi kwamba hajakanyaga chuoni, na mara hii namwamini, maana aliogopa zaidi yangu. Nimemuuliza Moïse, nimeuliza walinzi. Wewe ndiye uliyefunga mlango ule mara ya mwisho. Je, kulikuwa na mtu mwingine? Mwanafunzi? Jirani? Kama unamshuku yeyote, niambie jina. Na kama umesikia popote mtu ana chupa kama hiyo, asiifungue, asiitikise, asiisogeze.

Jibu upesi, Tantine. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Mwana wako,
Benie


Yanonge, 4 Machi 2024

Mwanangu Benie,

Habari za huko? Samaki alikuwaje? Bado sijapata neno lako tangu nikutumie ufunguo, lakini moyo umeniambia umeingia na umetoka salama. Mimi leo nina furaha, nisikufiche. Barua hii nampa mama mmoja anayeleta makaa mjini, kwa sababu Papy wanasema boti yake imepanda mchanga huko juu na wanangoja maji.

Siku imepatikana: Jumamosi, tarehe kumi na sita. Wifi yangu Vicky, dada yake Tonton, ameshafika kutoka Isangi. Anajifanya haoni aibu juu ya mambo ya nyumba, nami najifanya sioni kwamba anajifanya. Tutapika pondu ya majani ya mihogo, samaki, ndizi za makemba. Njoo. Uje wewe, si baba yako.

Sasa nikupe siri yangu, maana ulinihurumia mgongo nami nilikuita nyoka. Kile kitu nilichokitoa chini ya kitenge, unajua ni nini? Ni chupa ya Tonton. Ile ya kahawia. Siku ya mazishi, gari lilipokuja, nilikimbia chuoni na ufunguo wangu. Nilijua watachukua kila kitu, nikajiuliza, Philomène, mume wako alipenda nini kuliko vyote? Nikakumbuka. Alipokuwa mgonjwa, hata kutembea hawezi, alinilazimisha nimshike mkono mpaka chuoni siku ya ukaguzi. Nilikaa mlangoni nikamwona anaitilia chupa ile maji kwa kijiko, polepole, mkono unatetemeka, kama mtu anayelisha mtoto. Nikamuuliza, "Ni nini hiyo?" Akanijibu, "Ni kazi." Basi. Nikajua hiyo ndiyo kazi ya maisha yake, kitu alichokuwa akikilea ambacho siku moja kingempa jina. Nikaichukua. Nilikuja nayo Yanonge kwenye boti nimeipakata, na watu wakadhani ni mafuta ya mawese.

Iko chini ya kitanda changu. Nasema nayo. Usinicheke, mjane husema na hata mwiko. Ila nina wasiwasi: sijainywesha maji hata mara moja, kwa sababu kifuniko kimeng'ang'ana. Kimeota kitu cha njano pembeni, kigumu kama ukoko wa chungu. Zamani ndani mlikuwa na kitu kizito, sasa nikiitikisa kinacheza kama chumvi. Naona aibu kuwawekea watu mezani siku ya matanga kitu chake kilichokauka hivyo. Josué alijaribu kwa mkono, akashindwa. Jumatatu ya wiki ijayo, akirudi kutoka kwenye nyavu, atakuja na koleo zake za kutengenezea baiskeli. Akishaifungua nitaitia maji mwenyewe kwa kijiko, halafu Jumamosi itakaa mezani karibu na chakula, watu waione.

Niletee chumvi na sabuni ukija.

Mama yako,
Philomène


Kisangani, Jumatatu 11 Machi 2024, asubuhi

Mama,

Usiiguse. Mtu yeyote asiiguse. Josué asiikaribie na koleo. Tokeni nyumbani wote sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Chupa ile ndiyo dawa niliyokuwa nikiitafuta. Imekauka. Ni bomu. Ule ukoko wa njano kwenye kifuniko ndio unaolipuka mtu akikisokota. Barua niliyokueleza kila kitu iko kwenye boti ya Papy, juu ya mchanga. Yako nimeipata leo hii, yule mama wa makaa alipitia kwanza kwa ndugu zake. Nimepiga simu kwa padri wa huko, nimepiga kwa kila mtu mwenye namba ya Yanonge, haziiti. Wanasema mnara umeishiwa mafuta. Anayekuletea karatasi hii ni Daudi wa pikipiki. Anavuka mto kupitia Lubunga na nimemwambia asisimame hata kwa mkojo.

Kama iko chini ya kitanda, ibaki chini ya kitanda. Zimeni moto wa jikoni. Msiitupe mtoni, msiizike, msiimwagie maji, msiende kuichungulia. Watu wakae mbali, ng'ambo ya barabara na zaidi. Watoto hasa.

Naenda sasa kwa watu wanaotegua mabomu ya vita ya zamani. Kuna mmoja anaitwa Mohamadi, Tonton alikuwa akimwandikia. Nitapiga magoti kama itabidi.

Mama, najua ni mimi, mtoto wa Constant, ninayekwambia uachane na kitu chake. Sina njia ya kukufanya uniamini. Naomba tu uwe hai ukinikasirikia.

Benie wako


Yanonge, Jumatatu, jioni

Benie,

Salamu sina, nafasi ya kukuuliza hali sina. Naandika nyuma ya karatasi yako, juu ya tangi la pikipiki ya Daudi, anataka kurudi kabla giza halijaingia.

Tuko hai.

Daudi alifika akipiga honi kuanzia kanisani. Josué alikuwa ameketi sebuleni, chupa iko katikati ya magoti yake, koleo limeshashika kifuniko. Nilisoma mstari wako wa kwanza nikasema, "Josué, acha." Akasema, "Ngoja kwanza dada, inaanza kulegea." Nikasema tena, sijui kwa sauti gani, maana sauti hiyo sijawahi kuisikia. Akaniangalia usoni. Aliachia koleo kama mtu anayeweka yai, akaisimamisha chupa mezani, akaja kwangu kinyumenyume. Sasa amelala chini ya mti wa mchungwa na hataki mtu amguse.

Kwa hiyo haiko chini ya kitanda. Iko juu ya meza, ile meza inayoyumba mguu mmoja. Moto wa samaki ulikuwa unawaka jikoni, ukuta mmoja tu kati yake na chupa. Nilimwaga maji kupitia uwazi wa ukuta, nikiwa nje, ndoo baada ya ndoo.

Watu wamejaa. Wengine wanasema itupwe mtoni. Wifi Vicky anasema ni hila ya kaka yake Constant, kwamba amekutumia wewe ututoe nyumbani ili aje kuchukua mali ya marehemu. Nimemwambia, "Sawa wifi, ingia basi uichukue wewe, uwe nayo." Hakuingia.

Unaniuliza kama nakuamini. Nimekaa katikati ya njia na fimbo, na mtoto akijaribu kupita nampiga miguuni. Mbuzi wa jirani ameingia ndani ya ua tangu saa kumi. Tunamsikia anazunguka. Hakuna anayethubutu kumwita.

Waambie waje upesi.

Philomène


Yanonge, 20 Machi 2024

Mwanangu,

Umeamka salama? Umekula? Mimi ni mzima, sikio moja tu linalia kama lina mbu ndani, na mganga wa kituo cha afya anasema litanyamaza. Josué ameanza kula. Mbuzi naye yuko hai, alitoka mwenyewe usiku akiwa ameshiba mapazia yangu mapya niliyoyaanika uani. Mohamadi aliniambia ulilia bandarini walipokukatalia kupanda boti yao. Afadhali walikukatalia.

Walifika Jumatano, wanaume watatu, hawakutaka hata maji ya kunywa. Mohamadi aliingia peke yake amevaa nguo nene, akakaa mle muda ambao mimi nilisali sala zote ninazozijua na nyingine za Waprotestanti. Akatoka, akavua kofia, akaja kukaa karibu nami mavumbini.

"Mama," akaniambia, "ile chupa haiwezi tena kutembea. Koleo imeshasogeza kifuniko. Tukiibeba, tutakufa kwa njia. Donc tutaiharibia palepale kwa meza."

Nikamuuliza, "Na nyumba?"

"Nyumba itaenda nayo, mama."

Nyumba ya mama yangu, Benie. Nilizaliwa kwenye chumba kile cha nyuma. Nilimwambia afanye. Alinipa nafasi nimtajie kitu kimoja ambacho angeweza kunitolea kutoka chumba cha mbali na meza, nikasema hapana, asirudi kule kwa ajili ya kitu. Tayari nilikuwa nimejua vitu hufanya nini.

Walitupeleka wote mpaka nyuma ya kanisa. Nilidhani utakuwa mlio kama wa radi. Haukuwa hivyo. Ardhi ilinipiga kwanza nyayoni, ndipo mlio ukaja, na ndege wote wa mtoni wakaruka kwa pamoja. Watoto wakapiga makofi. Wifi Vicky akalala kifudifudi akiita jina la marehemu kaka yake. Tulipokwenda kuona, pale pa meza palikuwa na shimo, kuta mbili zimelala, majani ya paa yako juu ya migomba ya jirani. Na kila kitu kina rangi ya njano, hata maji ya kwenye mtungi wa kuku.

Nikaketi ukingoni nikafanya hesabu yangu. Niliipakata kwenye boti iliyojaa watu. Nililala juu yake tangu Septemba. Niliitikisa, Benie! Niliitikisa ili nisikie inavyolia, nikitabasamu. Tangu siku hiyo siwezi kulala chali, kwa sababu nikilala chali naisikia chini yangu. Naogopa sasa kuliko siku ile. Wanasema itapita.

Jumamosi tulimaliza matanga hivyo hivyo, kwa majirani, nikiwa nimevaa kitenge cha kuazima. Watu walikula. Walipokuwa wakimwimbia Tonton sikuimba. Nimemkasirikia mume wangu, na nakuandikia wewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Miaka yote alikwenda kukinywesha kifo maji kwa kijiko, na nilipomuuliza ni nini, akasema ni kazi. Aliogopa yeye ili mimi nisiogope. Angeniambia neno moja tu, "Philomène, hiyo inaua," ningeiacha palepale rafuni na kumfuata doyen siku ya pili ya msiba. Alinipenda, hilo silikatai. Lakini neno lile alikwenda nalo kaburini, na mimi nikaja kuipakata chupa.

Na wewe pia, mwanangu. Uliniandikia mara mbili, "mengine siandiki", "siwezi kuiandika jina". Nami sikuuliza. Nilikuwa nayo chini ya kitanda nilipokuwa nakujibu kwa kiburi kwamba dawa haina miguu. Wote tulikuwa watu wenye adabu, na Josué amebaki na mikono yake kwa sababu ya honi ya pikipiki.

Kwa hiyo nakuomba, si kwa hasira. Katika ukaguzi wako wa mwezi huu lazima kuna kitu ambacho wewe peke yako unajua kwamba ni kibaya. Bomba fulani, chupa fulani, waya unaoupitia haraka kwa kuwa umeuzoea. Usiniambie hakipo. Ukimaliza kusoma hapa, usile kwanza. Mwite Moïse, mwite doyen, waite wale watoto wa mwaka wa kwanza, uwaoneshe kwa kidole na ukitaje jina.

Halafu niandikie mimi pia, nijue ni nini.

Mama yako,
Philomène